Mafaili Ishirini na Tisa

Makao Makuu ya Idara,
Kitengo cha Ikama, Chumba Na. 11,
Jumatatu asubuhi.

Kwa kaka yangu mpendwa,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi cha vumbi la mbao ulichomlalamikia mama kimekuachia. Mimi mwili hauna neno. Mengine utayasoma huko mbele kwa mpangilio wake, maana unanijua: hata chumvi mezani siombi bila utangulizi.

Kabla sijaendelea, naomba nimsalimu pia ofisa wa gereza atakayeisoma barua hii kabla yako, kama utaratibu unavyomtaka. Habari za kazi, afande. Najua unatakiwa kupitia kila neno, kuandika kwenye rejista jina la aliyetuma na uhusiano wake na mfungwa, kisha kugonga mhuri. Najua pia kwamba barua zikiwa nyingi huwa mnasoma salamu za mwanzo na za mwisho tu. Leo nakuomba usiruke hata mstari mmoja.

Mama hajambo. Goti linamsumbua akipanda ngazi, lakini ukimwambia apumzike anakuuliza kama umemwona kalala. Tangu aambiwe kwamba ofisa wa probesheni atakuja kuiona nyumba utakakofikia na kuzungumza na majirani, amekitoa cherehani chake kwenye chumba cha nyuma, amekutandikia kitanda kwa lile shuka la bluu, na amewapitia majirani mmoja mmoja kuwaomba waseme ukweli, ila wasisahau na mazuri. Yule fundi viatu wa mlango wa pili alimjibu kwamba mazuri yako anayajua yote na atayataja kwa kituo, lakini angefurahi zaidi kama msumeno wake ungerudi kwanza. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Ni wiki ya saba sasa anasubiri. Akisikia hatua za mgeni nje, anavua aproni na kusimama wima kama anayepigwa picha.

Najua nawe unasubiri vivyo hivyo. Bila ripoti ya ofisa huyo, Bodi haiwezi kulijadili ombi lako la kumalizia nyumbani, kwa uangalizi, miaka miwili iliyobaki; na Bodi inakaa tarehe kumi na mbili ya mwezi ujao. Ukikosa kikao hicho, kingine ni baada ya miezi minne. Ukikosa na hicho, ombi linaanza upya. Tarehe hizi sikuzisikia kwa mama, kaka. Nazijua kwa sababu ratiba ya vikao niliichapa mwenyewe.

Mama amekuwa akikwambia niko masomoni mbali. Si kweli, wala usimlaumu, mimi ndiye niliyemwomba aseme hivyo. Niko mwendo wa saa moja na nusu kutoka hapo ulipo, kwenye Makao Makuu ya Idara inayokushikilia. Niliajiriwa mwaka mmoja na miezi saba iliyopita, wiki mbili baada ya siku ile niliyokuja kukuona mara ya mwisho, ukaniuliza shahada yangu inahusu nini hasa, nikakujibu kwa dakika ishirini, nawe ukasema umeelewa: nimesomea kuwapanga watu kama mbao. Hukukosea.

Serikali iliamua kuyaunganisha Magereza na Probesheni, idara mbili zilizokuwa hazisalimiani, na ikataka vijana wenye shahada waje kupanga nani akae wapi. Nilipangiwa chumba kwenye ghorofa ya tatu, kitengo cha ikama, yaani cha kugawa watumishi vituoni. Dirisha lake lina nondo. Nilipouliza sababu, mzee wa masjala, yule anayetunza mafaili yote ya Idara, alinieleza kwamba ni za kulinda kompyuta. Na nilipomkumbusha kwamba kompyuta zililetwa mwaka jana tu, akasema basi kabla ya hapo zilikuwa zinatulinda sisi tusitoroke kabla ya saa tisa na nusu.

Meza niliyopewa niliitambua kabla sijaikalia. Imetoka kwenye karakana ya gereza, kama meza zote za Idara, na pembe zake nne zimeviringwa. Mchoro wa serikali unataka pembe kali. Wewe peke yako ndiye unayeziviringa pembe, tangu siku nilipopasuka kipaji cha uso kwenye meza ya nyumbani nikiwa na miaka minne. Siku ile ya kwanza kazini sikuweza kufanya kazi yoyote ya maana. Nilipitisha mkono kwenye zile pembe tu. Mwezi uliofuata mkaguzi akalalamika, nami nikaagizwa kuandika barua ya kukumbusha karakana kwamba samani zitengenezwe kwa kufuata mchoro. Niliiandika. Ilisifiwa kwa lugha yake. Kama uliwahi kusomewa barua hiyo, sasa unajua ilitoka kwa nani, na iliandikiwa juu ya meza gani.

Mkurugenzi wetu ni mama mmoja tunayemwita Rula, kwa sababu hapigi mstari chini ya neno bila rula. Ni mkali, lakini mimi alinipenda. Aliniita akaniwekea mbele tatizo lililokuwa limewashinda wakubwa: magereza sitini na matatu, maofisa wa probesheni arobaini na mmoja. Alitaka mpango unaosomeka kwa ukurasa mmoja. Nilikaa na takwimu siku tisa. Nikapendekeza kwamba kila gereza lenye mafaili thelathini au zaidi yanayosubiri Bodi libaki na ofisa wake, na lenye pungufu ya hapo lihudumiwe na ofisa wa kuzunguka, atakayebeba hadi magereza saba. Jedwali lilikaa vizuri mno. Naibu Kamishna aliligeuza huku na huku, akauliza kaliandaa nani, na alipoonyeshwa mimi akasema eti hata wafungwa wangelielewa. Chumba kizima kikacheka. Nilicheka nao, kaka. Mpaka leo watu hapa wanaliita Jedwali la Binti, na jina langu limeshapelekwa ili niwe mkuu wa kitengo.

Ile thelathini sikuipata kwenye hesabu yoyote. Niliichagua kwa sababu ni namba iliyotulia. Majina ya magereza niliyaficha wakati wa kukokotoa, nikayaita kwa namba, nikijisifu kwamba hiyo ndiyo haki yenyewe. Baada ya mpango kutiwa saini ndipo nilipoambiwa nirudishe majina mahali pake. Gereza namba arobaini na nne lilikuwa na mafaili ishirini na tisa. Ni hilo ulimo. Moja ya hayo ishirini na tisa ni lako.

Ofisa aliyekuwa amewekwa hapo kwenu, yule mama mnayemwita Mama Viatu kwa jinsi anavyozimaliza soli akitembelea nyumba za watu, alikuwa afike nyumbani kwetu wiki iliyoanzia tarehe nane ya mwezi uliopita. Amri yangu ya uhamisho ilimfikia tarehe tatu. Ofisa wa kuzunguka ameniandikia kwamba gereza lenu atalifikia baada ya wiki kumi na moja, Mungu akipenda na gari likipona. Kwa hiyo usiendelee kudhani kwamba wamekusahau, wala mama asiendelee kuvua aproni. Mimi ndiye niliyemwondoa.

Utauliza kwa nini sikusema. Hapo ndipo penye fedheha yangu. Siku ya usaili tulipewa fomu ya kujaza, na mojawapo ya maswali lilikuwa kama una ndugu wa karibu anayetumikia kifungo, na uhusiano wenu ni upi. Kijana aliyekaa mbele yangu alijaza, akaambiwa asogee pembeni asubiri. Sikumwona tena siku hiyo. Nikashika kalamu nikaandika: Hakuna. Neno moja tu, kwa mwandiko wangu ule mzuri unaousifia. Kaka uliyeniongoza mkono kuandika herufi ya kwanza nilikufuta kwa mwandiko huo huo. Miezi mitatu baadaye nikapewa kanuni za utumishi nizihariri, ndipo nikasoma kwamba kuwa na ndugu gerezani hakumzuii mtu kuajiriwa. Kinachotakiwa ni kumtaja tu. Kinachofukuzisha kazi ni kuficha. Yule kijana, nimekuja kumkuta, yuko ghorofa ya chini, kitengo cha uchukuzi. Alisogezwa pembeni ili ajaze karatasi ya pili.

Tangu siku ya fomu ile sijaja kukuona, kwa kuwa daftari la wageni huletwa hapa kila mwisho wa mwezi na hupita mezani kwangu. Nimekuwa nikiona sahihi ya mama humo, na jina lako mbele yake. Naigonga mhuri, nafunua ukurasa.

Nimetafuta mlango kila upande. Nilipendekeza kiwango kishuke hadi mafaili ishirini na tano, nikatoa sababu nne za kitaalamu. Rula alizisoma zote, akanirudishia, akaniambia nisianze kuionea haya kazi nzuri. Nikaandika dokezo la kuomba Mama Viatu arudishwe kwa muda. Lakini kila dokezo lina nafasi ya sababu, na sababu yangu ni moja. Nikalichana. Mwishowe nilisimama mlangoni kwake nikamuuliza, kwa mzunguko, mtu afanye nini iwapo kuna jambo hakulisema kwenye fomu. Aliweka rula chini. Kisha akaniambia kwa upole kwamba kuna mambo yakisemwa ndani ya chumba chake atalazimika kuyasikia, kwa hiyo nirudi mezani, ninywe maji, tuonane nikishakuwa mkuu wa kitengo. Alikuwa ananiokoa. Nilirudi mezani nikahisi kama nimesikia komeo likisukumwa nyuma yangu.

Lakini katika kanuni zile zile kuna kifungu cha kumi na nne, na hicho nilikiandika mimi, kwa kutaka kuonekana sikuacha pengo. Kinasema kwamba ikigundulika mwandaaji wa mpango ana ndugu anayeguswa nao na hakumtaja, uamuzi unaohusu kituo hicho unakuwa batili, na hali ya awali inarudi papo hapo mpaka mtu mwingine aupitie. Na taarifa inahesabiwa kuwa imepokelewa pindi inaposajiliwa na ofisa yeyote wa Idara, katika rejista yoyote rasmi. Mzee wa masjala alipokisoma alinitania kwamba nimetega mtego mzuri, sijui wa kumnasa panya gani.

Ndiyo sababu sikumpelekea Rula karatasi hii. Ananipenda, angeitia kwenye droo. Ningempa mzee wa masjala, angeniuliza mara tatu kama nina uhakika, na mara ya tatu ningesema sina. Barua ya kwenda kwa mfungwa ndiyo pekee ambayo lazima isomwe, iandikwe kwenye rejista na igongwe mhuri kabla haijamfikia mwenyewe, na hakuna anayeweza kuirudisha ilikotoka. Nimepitia njia zote zinazotoka chumba hiki, na hii ndiyo niliyoiona wazi.

Siwezi kukuahidi kwamba Mama Viatu atafika kabla ya tarehe kumi na mbili. Amri ya kumrudisha huchukua siku tano, naye ana nyumba nyingine za kutembelea. Nimehesabu, inawezekana, kwa shida. Mama nitamweleza mwenyewe jioni hii nikitoka kazini. Kwangu mimi yatafuata yaliyoandikwa. Sikuombi unisamehe upesi. Nakuomba tu, ofisa huyo akija kukuhoji, usimwambie kwamba mdogo wako alikosea kwa sababu ni mtoto. Unapenda kunisemea hivyo. Safari hii niache nijisemee.

Nakusalimia wewe na wenzako wa karakana. Msumeno wa fundi viatu ninao mimi, niliuchukua siku ile ulipokamatwa ili usipotee, nitaurudisha. Zile pembe endelea kuziviringa.

Afande, umefika mwisho, ahsante kwa uvumilivu. Sasa geuza bahasha. Pale panapoulizwa uhusiano wa mwandishi na mfungwa, nimejaza kwa mwandiko ule ule: Ni kaka yangu, tumbo moja. Tafadhali uingize kwenye rejista kama ulivyo.

Ni mimi mdogo wako,
Ofisa Mipango, Kitengo cha Ikama.