Maandishi Ndani ya Mlango

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, Mama. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, goti limepunguza makali yake, na dawa ya presha unaimeza kila asubuhi bila kungoja ugombezwe. Natumaini pia kwamba mdogo wangu wa mwisho hajambo pamoja na wanawe. Najua ndiye anayekusomea maneno haya, maana macho yako yamekwisha kukataa maandishi ya mkono, nami namshukuru kwa kazi hiyo. Mjomba mpe salamu zake za pekee. Mimi sijambo mwilini. Cherehani zote nne zinafanya kazi, na wiki iliyopita tumemaliza sare za shule mbili. Sasa tunatia vifungo tu.

Katika barua yangu iliyopita nilikuambia kwamba natafuta gari dogo la kubebea mizigo, kwa sababu kukodi magari ya watu kupeleka sare kumenichosha. Ulinijibu kwamba mwanamke akienda peke yake kwenye yadi ya magari yaliyotumika, hutoka na mkweche. Nilicheka, Mama, lakini sikubisha. Nilikwenda peke yangu hata hivyo, na nimenunua. Nataka nikueleze nilivyonunua, maana habari hizo ndizo zilizozaa nyingine.

Yadi iko karibu na kituo cha mafuta, pale barabara kuu inapogawanyika. Dalali wake wanamwita Nusu Bei, kwa kuwa kila gari analolionyesha huapa kwamba analitoa kwa nusu ya bei. Ni mtu mnene, mcheshi, na kila mwanamke kwake ni shemeji. Nilimwambia kwamba sina kaka aliyemwoa dada yake, akasema hilo ni jambo la kurekebishika. Nilimwacha aseme. Nilifanya yale aliyonifundisha aliyekuwa mkweo, fundi wa bati, tulipokuwa tukiishi pamoja kama mume na mke. Nilitoa mkobani ile sumaku ndogo aliyoisahau kwenye droo yangu ya nyuzi, nikaifunga kitambaa isikwaruze rangi, nikaipitisha kwenye bati la kila gari. Ikishika, hapo pana chuma. Ikianguka, hapo pamekandikwa puti ya kuziba bati lililooza. Niliinua mazulia nikanusa, kwa sababu gari lililowahi kuingia maji hunuka hata lipulizwe manukato ya aina gani. Nilitazama mpira wa kukanyagia breki, kwa kuwa namba za dashibodi zinaweza kurudishwa nyuma, lakini mpira ulioliwa na mguu haurudi. Nusu Bei aliwaita wenzake waje kutazama. Aliwauliza kama wamewahi kumwona mama anayenunua gari kama anayemchunguzia mwanawe mchumba. Mmoja akasema afadhali mchumba, huyo huwa haangaliwi uvunguni.

Gari la nne lilinipendeza. Ni jeupe, lina nafasi ya kutosha nyuma, na injini yake inaunguruma bila kukohoa. Sumaku ilishika kila mahali. Kasoro niliyoiona ni moja tu: kioo cha mlango wa abiria kilikuwa hakishuki. Nilimwambia Nusu Bei kwamba sinunui mpaka nione kilichokizuia. Alilalamika kwamba kioo si injini, kisha akamwita fundi wake, wakakifungua kile kibao cha ndani cha mlango.

Mama, ndani ya bati la mlango ule palikuwa na maandishi ya penseli. Yalisema kwamba mlango huo haukuzaliwa na gari hilo, ulitoka kwenye gari jingine. Kwamba bawaba ya chini imechoka na itahitaji kubadilishwa. Na kwamba kutu imesafishwa mara mbili lakini pembeni inaweza kurudi. Chini yake palikuwa na tarehe ya mwezi wa tatu, mwaka huuhuu.

Ninamjua mtu mmoja tu mwenye tabia hiyo. Unamjua na wewe. Aliponyosha bati lolote alikuwa haachi kuandika ndani, mahali ambapo mwenye gari haoni, ili fundi mwingine atakayefungua baadaye asidanganyike. Mafundi wenzake walikuwa wakimcheka na kumwita Karani. Herufi zile nilizisoma kwa miaka kumi na moja kwenye vipande vya karatasi alivyoniachia mezani akitoka asubuhi.

Nusu Bei naye alisoma, akashika kichwa. Aliapa kwamba hakujua habari za mlango, akauliza ni fundi gani huyo anayemwandikia mteja wake ushahidi wa kumfunga. Bei ikashuka palepale, bila mimi kufungua mdomo. Alidhani nimenyamaza kwa ujanja. Mimi nilikuwa naisoma ile tarehe mara ya pili. Kisha nilimwuliza karakana iliyofanya kazi hiyo iko wapi. Alinijibu kwamba ipo upande wa pili wa mji, nyuma ya kiwanda cha magodoro, na ina zaidi ya mwaka tangu ifunguliwe.

Sasa ukumbuke, Mama, ulichoniambia miaka miwili iliyopita, nilipotoka hospitali baada ya kupasuliwa. Ulikuwa umekuja kunilindia nyumba. Nilikuuliza, kama nilivyokuwa nikikuuliza kila mara tangu aondoke, kama unadhani atarudi. Ulikaa ukingoni mwa kitanda changu, ukanishika mkono, ukaniambia kwamba umepata habari za hakika: amehamia nje ya nchi na ameoa huko. Ukaniambia nimtoe moyoni. Niliacha kuuliza kwa sauti, lakini sikuacha kungoja. Gari lolote lililopunguza mwendo mbele ya nyumba lilinisimamisha. Kitasa cha mlango wa mbele sikukibadilisha, ingawa kimelegea, kwa sababu ufunguo wake mmoja anao yeye.

Nililipa gari, na kesho yake nikaliendesha mpaka nyuma ya kiwanda cha magodoro. Nilimkuta anapiga msasa boneti la gari la mtu. Amevaa miwani siku hizi, na nywele zimeingia mvi mbele. Alilitambua gari kabla ya kunitambua mimi. Alinikaribisha kwenye kiti cha gari kilichong'olewa, ambacho ndicho kiti chake cha wageni, akafuta vumbi kwa shati lake. Nilimwuliza habari za mkewe. Aliniuliza mke gani.

Hajaoa, Mama. Hajawahi kuvuka mpaka wa nchi yoyote. Alinieleza kwamba miaka miwili iliyopita alisikia kwamba nimelazwa, akasafiri siku nzima, akafika nyumbani kwangu na mfuko wa machungwa. Wewe ndiye uliyemfungulia. Hukumkaribisha ndani. Ulimwambia kwamba simtaki, na kwamba akionekana tena hapo utamwita Mjomba na kaka zangu. Machungwa uliyapokea. Nilipomsikia akisema hivyo nilikumbuka kwamba uliniletea machungwa wodini, ukayamenya kwa mkono wako, na nilipokuuliza yametoka wapi uliniambia umeyanunua njiani.

Sijui nikuandikie vipi nilivyojisikia. Nimewahi kuibiwa na wateja, nimewahi kusingiziwa na majirani, na yote hayo niliyavua jioni pamoja na viatu. Hili lilikaa. Ulikuwa unaniona nikisimama dirishani, Mama. Ulikuwa unajua ninamngoja nani, na ulijua kwamba alikwisha kuja. Ulikula nami, ukaomba dua nami nipewe subira, na jibu ulikuwa nalo mkononi. Mtu mwingine angenitendea hivyo ningekwenda kukuambia wewe.

Nilirudi nyumbani nikakuandikia barua ambayo hukuipata. Ilikuwa na kurasa nne. Nilikuambia humo kwamba umenivunjia nyumba, na kwamba usije kwangu mpaka nitakapokuita. Niliifunga nikaitia mkobani ili niipeleke posta, lakini kwanza nikapitia karakana ili bawaba ibadilishwe. Kusema kweli bawaba ilikuwa kisingizio. Nilitaka ajue kwamba nimekwisha kukuambia ukweli wako, na kwamba sasa hakuna kinachomzuia.

Nilimweleza yaliyomo barua ile. Alisikiliza huku mikono yake ikiendelea na bawaba. Nilipofika mahali niliposema kwamba wewe ndiwe uliyetutenganisha, aliweka spana chini. Aliniambia kwamba siku ile ya kwanza nilipomwendea alificha nusu ya maneno yako kwa sababu aliona nimeshtuka, lakini kama natuma barua ya namna hiyo, basi ni haki nisikie yote. Alisema kwamba ulipomfungulia mlango uliuziba kwa mwili wako. Ulimwambia kwamba hatamnyanyulia mwanao mkono tena, si mara ya pili, wewe ukiwa hai. Kisha akaniuliza, kwa upole, kama anayeuliza saa: alinipiga lini?

Niliondoka bawaba ikiwa nusu.

Mdogo wangu, wewe unayesoma, hapa usiruke hata mstari mmoja, na usipunguze sauti.

Mama, siku aliyoondoka, alikuwa amemwambia ukweli mwalimu mkuu mmoja aliyetaka kununua gari pale karakanani kwake. Mimi ndiye niliyemleta mteja huyo, nikamwahidi gari zuri kwa bei ndogo. Mkweo alimwonyesha mahali lilipopinda kwenye ajali, mteja akaondoka, na oda yake ya sare mia mbili akaondoka nayo. Nilikwenda karakana nikamtukana mbele ya wafanyakazi wake. Nilimwambia kwamba mwanamume anayeharibu riziki ya mkewe kwa mdomo wake si mume, na kwamba achukue nguo zake. Alichukua nguo na masanduku yake ya vifaa, akaenda.

Jioni ile, nikishusha marobota ya kitambaa kwa hasira, mlango wa kabati ulinipiga hapa chini ya jicho. Ulipofika keshokutwa yake uliiona alama. Uliniuliza kama ni yeye. Sikusema ndiyo, Mama. Niliinamisha kichwa. Ukaanza kulia, ukanikumbatia, nami nikakuacha ulie. Ilikuwa rahisi zaidi kuwa mke aliyepigwa kuliko kuwa mke aliyemfukuza mumewe kwa ulimi. Mjomba alipokuja kuapa kwamba atamvunja miguu, niliinama tena. Kaka zangu waliposema jina lake lisitajwe nyumbani, nilinyamaza. Kisha mara kwa mara nikakuuliza wewe, mama mzazi uliyeamini kwamba mwanao alipigwa, kama mtu huyo atarudi. Sijui ulikuwa ukinionaje.

Barua ya kurasa nne nimeichana. Hata hivyo sitakuficha: bado nimekukasirikia. Ungeweza kuniambia kwamba alikuja. Ungeweza kuniacha nichague mwenyewe, hata kama uliamini kwamba nitachagua vibaya. Habari za mke wa nje ya nchi hazikuwa kunilinda. Ulizitunga, ukaziweka masikioni mwangu nikiwa na mshono tumboni. Hilo ni lako, na utanieleza siku tutakayokaa. Lakini la kwanza ni langu, na lilitangulia.

Nilirudi kwake mara ya tatu, jana. Nilimwambia kwamba hakunipiga, na kwamba nilikuacha uamini kwamba alinipiga. Alisema anajua, amejua tangu siku ile mlangoni kwangu, na ndiyo sababu hakurudi kugonga mara ya pili. Maneno yako, Mama, angeyavumilia; kuinama kwangu hakukuweza. Nilimwuliza lile swali nililolibeba miaka minne, kama atarudi. Alisema kwamba hawezi kulijibu akiwa bado, katika ukoo wangu wote, ni mtu anayepiga wanawake. Na kwamba hata hilo likiondoka, hajui. Alisema hajui, Mama, na yeye si mtu wa kusema hajui wakati anajua. Kisha alimalizia bawaba yangu, akakataa malipo, akaniambia niendeshe polepole.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja. Jumapili wakikusanyika Mjomba na kaka zangu, barua hii isomwe yote, kuanzia salamu hadi hapa, wake zao wakiwapo. Wakikasirika, wanikasirikie mimi. Asitumwe mtu yeyote kumbembeleza arudi. Akiombwa na ukoo nitakuwa nimemdanganya mara ya pili. Nataka tu jina lake litajwe tena mezani kwenu bila watu kutazamana.

Nimalizie hapa, kwa kuwa wasichana wangu wameanza kuuliza vifungo vya bluu viko wapi. Wasalimie watoto wote wa nyumbani. Goti lipakwe mafuta ya uvuguvugu kabla ya kulala, na usipande ngazi bila mtu wa kukushika. Nitakuja mwisho wa mwezi kwa gari langu, na mlango wa abiria unafunga vizuri, kwa hiyo nitakuchukua tukae mahali peke yetu, nawe uniambie lililo lako.

Mimi mwanao wa kwanza, ambaye hakupigwa na mume wake hata siku moja.