Kigingi cha Reli Shambani Kwetu

Kitura, Jumanne

Natangaza rasmi, kwa mamlaka niliyojipa mwenyewe, kwamba kigingi cha reli kilichopigwa na wapima njia katikati ya shamba letu kimepata kazi. Mke wangu ameanika suruali yangu juu yake.

Redioni wamesema fedha za reli zimetengwa, na za vituo vya kuchaji magari ya umeme pia. Nikaenda kwa mwenyekiti wa kijiji: nipande miche ya kahawa, au niiachie treni njia? Shamba lingine hatuna, na mvua zinaisha.

“Panda, mzee. Ila usipande sana.”

Kahawa ya kupanda kidogo-kidogo siijui. Nimerudi nikiwaza miche kung'olewa, nikiwaza njaa, nikiwaza...

“Treni ikija itapiga honi,” amesema mke wangu, akinawa udongo mikononi.

Miche yote ameshaipanda.