Watu wa Mataifa Waliopika Arobaini Yako

Baba,

Nakuandikia mjukuu wako akiwa mgongoni. Nimechoka, ila hili siwezi kulilalia bila kukwambia.

Unakumbuka mwanao aliponileta hapa Chapwa, Tunduma? Kwetu Wandali mke humkwepa baba mkwe, hata njiani. Ulipoingia nikajibanza nyuma ya mlango. Wewe Mrangi wa Kondoa, fundi wa maturubai ya malori, ukauambia ule mlango: "Mama, nikikaa nje chai nitaipata?" Nikacheka, nikatoka.

Halafu ukawasikia wenzangu wa kanisani wakisema nimeolewa kwa Waislamu, watu wa mataifa. Hukukasirika. Ulivuta uzi kwenye turubai, ukaniuliza, "Mataifa ni akina nani, mama?" Nilidhani najua: ni ninyi. Sikuweza kukutamkia usoni.

Ukafa sijakujibu.

Arobaini ilipokaribia nikaenda kwenye kikundi chetu cha akina mama kuomba masufuria na watu wa kunisaidia kupika. Mwenyekiti akakataa. Akasema hatupiki shughuli ya watu wa mataifa, na atakayekwenda atatengwa. Wengine wakatazama chini. Nilitoka, nikaenda kwa mchungaji. Sikwenda kulalamika. Nilimpelekea swali lako.

Yeye alisoma Kigiriki chuoni. Akasema neno lenyewe ni ethne, yaani watu wa makabila, na Wayahudi waliwaita hivyo wote wasio Wayahudi.

"Kwa hiyo Mrangi yumo," nikasema.

"Yumo. Na Mndali yumo. Na mimi Mnyiha nimo."

Baba, mwili ulinisisimka. Tangu utoto nasoma kwamba habari njema ipelekwe kwa mataifa, nikajiona mpelekaji. Kumbe mimi ndiye niliyepelekewa! Watu wa mbali kule, wasiojua kama kutakuwa na mahali panapoitwa Tunduma, walitutia mimi na wewe ndani ya neno moja. Nilikaa pale kwenye kiti cha mchungaji, siwezi hata kuaga.

Nikarudi kikundini. Nikamwambia mwenyekiti kwamba humu ndani hakuna Myahudi, sote tulikuwa mataifa, tukakaribishwa. "Mimi napika," nikasema. "Mkitaka kunitenga, mtanikuta jikoni."

Siku yenyewe nilitoka uani nikakuta moto umeshawashwa. Mama Tumaini wa kikundini anachambua mchele, na wenzake wanamenya vitunguu. Anamtania dada yako kwamba Warangi hawajui ndizi. Dada yako akamjibu kwamba Wandali wakipewa pilau wataiwekea ndizi pia. Walicheka mpaka shehe akageuka kutazama. Mjukuu wako akapitishwa mkono kwa mkono, kwenye baibui, kwenye kitenge cha kanisa, wala hakulia. Niliacha mwiko nikasimama tu, Baba. Nilikuwa naliona lile neno.

Mwenyekiti hakuja. Hanisalimii hadi leo, na Jumapili nimewekwa benchi la nyuma. Ningesema sijali, lakini ningekuwa naongopa. Inaniuma. Akina Mama Tumaini wamehamia benchi hilo hilo, wanasema huku kuna hewa.

Pumzika, Baba. Kanisani sihami, na kwenu sitoki. Mtoto huyu nitamleta kaburini kwako, na Jumapili nitampeleka kanisani, nimpitishe katikati, nimwamkie mwenyekiti kwa sauti kwa niaba yake. Asipoitika, wiki inayofuata tutamwamkia tena.

Mkamwana wako,
Mama wa mjukuu wako