Kadi ya Mwisho

Garissa, 14 Juni 2025

Abaayo Ubah, dada yangu,

Asalaam aleikum. Mguu wako unaendeleaje? Sisi wazima, vumbi tu linatumaliza.

Binti yako Deka alifika salama kutoka Wajir, akakaa nami siku tatu. Jumamosi iliyopita niliwaonyesha filamu ya kale isiyo na sauti akina mama wa darasa langu la kusoma. Mume ana hawara, mke anajua na ananyamaza. Maneno hutokea kwenye kadi za Kiingereza, nami nawasomea kwa Kisomali. Kwenye kadi ya mwisho, mke akamwambia mumewe: "Nipe talaka yangu." Ukumbi mzima ulipiga vigelegele. Miaka mia imepita, Ubah, na bado tunaambiwa mke mwema ni yule anayemeza.

Deka hakupiga kigelegele.

Mdogo wako,
Idil

Modogashe, 5 Julai 2025

Idil,

Waaleikum salaam. Mguu ni uleule.

Deka yuko kwangu. Alimtaja hawara wa mumewe mbele ya wazee, akadai talaka. Mahat akampa palepale, kama mtu aliyekuwa akiingojea. Watoto wote wawili amewazuia Wajir, na Leyla bado ananyonya. Wazee wametazama chini.

Mahat anasema umemharibia mke kwa picha zako. Wewe uliyesoma, niambie: kadi ile ilisema hivyo kweli?

Dada yako,
Ubah

Garissa, 26 Julai 2025

Abaayo,

Salaam. Nimechelewa kujibu, na si kwa sababu ya kazi.

Kadi ilisema: "Nimekusamehe. Chakula kiko mezani." Nilipandwa na hasira, nikaigeuza. Miaka ishirini nawashambulia wanaume wanaotusomea vitabu wanavyopenda wao, kisha nikawafanyia yaleyale wanawake wasiojua kusoma. Nije nimwambie Deka mwenyewe?

Mdogo wako,
Idil

Modogashe, 1 Agosti 2025

Idil,

Salaam. Usije. Nimeshamwambia.

Alikuwa amekaa mlangoni, akijikamua maziwa ya Leyla kwenye kikombe ili yasikauke. Hakuinua kichwa. Akasema, "Mama, habaryar Idil sikumsikiliza. Nilikuwa namtazama yule mke. Nilijua anasamehe. Uso ule naujua, ndio nilioukimbia."

Kwa hiyo hana neno nawe.

Nilimuuliza aliujulia wapi uso ule. Akamwaga kikombe mchangani, akanitazama mimi.

Dada yako,
Ubah