Nilichosema na Kilichoandikwa

Jumatatu, 3 Machi

Picha za vifua tangu asubuhi, kisha skani. Nazisoma, nasema ripoti kwa Kiingereza, mashine inaandika. Programu hii ya kusikiliza sauti imekaa nasi wiki kadhaa na bado haijanizoea. Leo nimesema "left shoulder", bega la kushoto. Ikaandika "left soldier". Kwamba mwanajeshi wa kushoto ameteguka. Nilicheka peke yangu, halafu kicheko kikaisha. Nikichoka, "sh" yangu inageuka "s", kama tunavyosema nyumbani Bondo. Binadamu anaelewa. Mashine haielewi.

Mama Pamela aliyekuwa akituchapia ripoti amehamishiwa mapokezi. Ripoti zake zilichelewa, mgonjwa akingoja. Mashine hii inamaliza nikiwa bado kitini. Siwezi kusema irudishwe. Lakini siipendi.

Alhamisi, 6 Machi

Mtu wa kompyuta alikuja. Akanisomesha kurasa nzima kwa sauti ili mashine inijue. Kisha akasema kwa upole, "Daktari, jaribu kuongea kama wale watangazaji wa ng'ambo."

Nilijaribu. Makosa yakapungua. Hilo ndilo lililoniudhi.

Jumamosi, 8 Machi

Mama alipiga simu kutoka Bondo. Nikamwambia niko salama, full stop. Neno lilitoka lenyewe, kwa sababu mashine haiweki nukta mpaka uiambie.

"Awuor, unaongea na nani?" akauliza.

Nilisema na wewe, Mama. Akaniuliza kama ninakula vizuri.

Situlii. Nakaa, nasimama, nafungua friji, nafunga. Kichwani nasikia sauti yangu ya kizungu ikisoma mapafu ya watu.

Jumanne, 11 Machi

Mwenzangu yuko likizo. Picha zote ni zangu. Kila wodi inapiga simu, kila moja inataka yake kwanza. Msimamizi alipita mlangoni akasema sasa tunatoa ripoti haraka kuliko wakati wowote. Alitabasamu. Nami nilitabasamu.

Ukweli: sisomi tena ripoti nzima kabla ya kuweka sahihi. Napitisha macho tu. Nikisoma yote foleni haisogei.

Alhamisi, 13 Machi

Mzee Swaleh, fundi cherehani wa Kisian. Nilisoma picha zake mwezi uliopita alipogongwa na pikipiki. Skani ya kichwa wakati ule ilikuwa safi. Amerudi na maumivu ya kichwa. Nimeweka picha mbili kando kando. Ya leo ina damu, inayovuja polepole kati ya fuvu na ubongo, upande wa kushoto. Kitu cha kutolewa mapema, na mtu akapona kabisa. Nimesema ripoti. Nilipiga simu wodi ya dharura kuwaambia, laini ikawa na mtu. Nikasema nitapiga tena. Wakaingiza mtoto wa ajali.

Nimefika nyumbani bila nguvu. Sijala.

Ijumaa, 14 Machi

Niandike tu.

Asubuhi nilipiga simu wodi ya dharura kuuliza kama Mzee Swaleh ameshapasuliwa. Sista akasema, "Huyo alienda nyumbani jana, Daktari. Si ripoti yako ilisema hakuna kitu?"

Nikaifungua. Nilikuwa nimesema "there is now a collection of blood". Sasa kuna damu. Imeandikwa "there is no collection of blood". Hakuna damu. Herufi moja imeanguka. Chini yake jina langu na sahihi yangu. Na kwamba sikupiga simu tena, hilo nalo ni langu.

Simu ya mzee ilikuwa imezimwa. Gari la wagonjwa lilikuwa limeenda Siaya. Nikamchukua Sista huyohuyo kwenye gari langu tukaelekea Kisian. Njia nzima Sista alitazama nje.

Pale senta kila mtu anamjua. Tulielekezwa nyuma ya maduka. Mkewe, Mama Zuhura, alitukaribisha kwa adabu, akidhani tumekuja kujulia hali. Akasema mzee amelala, ni saumu tu, mwaka huu imemshika vibaya. Asubuhi alivaa shati nje ndani, yeye fundi. Walicheka.

Nilimkuta kitandani. Akafungua macho nilipomwita. Nikamwambia ainue mikono. Wa kushoto ulipanda. Wa kulia ukabaki juu ya shuka.

Binti yake Zuhura, mwalimu, alikuwa mlangoni. Akasema, "Jana mlisema hana kitu."

Nikasema, "Ana damu kichwani. Twende sasa hivi, tafadhali."

Tulimbeba kwa shuka. Zuhura alikaa nyuma na kichwa cha baba yake mapajani, akimwita, "Baba, Baba," kila alipofumba macho. Kuanzia Kisian mpaka hospitalini aliita hivyo. Mara ya mwisho hakujibu.

Daktari wa upasuaji alikuwa tayari. Wameingia naye. Niko ofisini kwangu, mlango nimefunga, mashine nimezima.

Baadaye. Damu imetolewa. Anapumua mwenyewe. Hawajui zaidi ya hapo.

Jumamosi, 15 Machi

Leo si zamu yangu, ila nimekwenda. Nimefungua ripoti zote nilizotoa wiki hii na kuzisoma neno kwa neno, picha pembeni. Makosa madogo mengi. La kumdhuru mtu sikuliona. Nimerudia kusoma. Siyaamini tena macho yangu.

Mzee hajaamka vizuri.

Jumatatu, 17 Machi

Msimamizi aliniita. Alikuwa na karatasi iliyoandikwa tayari. "Hitilafu ya mfumo." Akasema, Daktari, hii inakulinda wewe, inatulinda sisi, na mzee yuko hai. Tuiambie familia kompyuta ilikosea.

Ilikosea kweli. Ndiyo maana ilikuwa rahisi. Nilikaribia kuichukua kalamu.

Nikamwambia mashine ilisikia vibaya, lakini haikuweka sahihi. Akauliza kama najua ninachokitafuta. Sijui. Nimetoka kwake bila kuitia sahihi. Naogopa kufutwa kazi. Naogopa zaidi kukutana na Zuhura.

Jumanne, 18 Machi

Nimemwambia Zuhura. Kwenye korido, nje ya wodi, yeye na mama yake. Kila kitu: neno nililosema, neno lililoandikwa, kwamba sikusoma, kwamba sikupiga simu tena.

Mama Zuhura alijifunika uso kwa mtandio. Zuhura hakulia. Akasema, "Mimi nasahihisha insha za watoto wa darasa la nne. Nazisoma mpaka mwisho, Daktari."

Akaingia wodini akafunga mlango taratibu, na huo upole ndio ulioniuma.

Alhamisi, 20 Machi

Mzee Swaleh ameamka. Amewatambua wote. Mkono wa kulia unasogea, vidole bado vizito. Daktari wa upasuaji anasema vitarudi, labda si vyote.

Kikao cha madaktari. Nimesimama nikasimulia. Wengine waliangalia meza. Kisha daktari wa akina mama akasema mashine yake ilimwandikia pacha mahali pasipo na pacha. Mwingine akaongeza la kwake. Kumbe sote tulikuwa tunanyamaza. Tumekubaliana: ripoti itasomwa kwa sauti kabla ya sahihi, na damu kichwani ni lazima simu ipigwe, laini ikishikwa utatembea kwa miguu mpaka wodini. Msimamizi aliandika. Barua yangu ya onyo nimepewa mlangoni. Nimeipokea. Ni haki.

Ijumaa, 21 Machi

Nimeacha sauti ya watangazaji. Nasema kama ninavyosema. Inakosea, nasahihisha kwa mkono. Foleni ni ndefu. Wodi zinalalamika. Walalamike.

Jumapili, 23 Machi

Baada ya kanisa nilipita hospitalini. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, hewa imepoa. Mama Zuhura alikuwa ndani akimshika mzee mkono, wakifanya mazoezi. Anamfungulia vidole kimoja kimoja, naye anavifunga. Mzee alikuwa akimlalamikia mkewe kwamba anavuta sana. Sauti yake ni ya kawaida. Nilisimama nje kidogo nikiisikiliza.

Zuhura alikuwa kwenye benchi la korido na mkoba wake pembeni. Aliniona. Sikujua niende au nirudi.

Akauchukua mkoba akauweka chini. Nikakaa.