Kisu cha Mwisho cha Dougal

Jumanne, 11 Juni 2019
Mvua tu, Queenstown nzima. Nimewasha tanuru la gesi la marehemu mume wangu. Visu alivyoacha havijapita motoni vinanisuta tangu moyo wake usimame. Nimefunga mlango wa banda, nikaziba matundu ya chini ya bati kwa magunia — kwenye mwanga rangi ya chuma haisomeki. Dougal hakuwahi kuyaziba. Na akishazamisha kisu kwenye mafuta tu, kelele: Merrin, fungua mlango!

Changu kiliiva hadi kikaacha kushika sumaku, nikakizamisha. Mafuta yakawaka, nikayafunika.

Halafu — mtu nyuma yangu. Dougal mwenyewe!

Ijumaa, 14 Juni
Kaja tena, kasimama kando ya jiliwa lake la kubania chuma. Nikamwambia, we mzee, ulinitupa. Kichwa kinanigonga, nimetapika. Nimelia kwa furaha.

Jumapili, 16 Juni
Nimemsimulia Clem, mdogo wake Dougal, mtu wa zimamoto. Nilidhani atacheka. Aliuliza tu: kichwa kinauma? Ukitoka nje kinaacha? Na kaka anabaki ndani? Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo.

Akaenda kung'oa magunia yote. “Shemeji, huyo si kaka! Ni hewa ya sumu ya tanuru. Haina harufu. Inakuchezea akili, halafu inakulaza, huamki!” Kapigilia ukutani kengele ya kunasa hewa hiyo, amefura kweli kweli. Baadaye nimemkuta jikoni analia.

Jumanne, 18 Juni
Mlango wazi, matundu wazi. Miwani, glavu, aproni, kama alivyoagiza Clem. Kisu kimetoka kimenyooka. Kichwa hakiumi.

Hakuna mtu. Baridi tu. Nimeuchukia ule mlango!

Alhamisi, 20 Juni
Kimebaki kimoja, chembamba, alichokuwa akinitengenezea mimi. Nikasema nitafunga kidogo, kwa ajili ya rangi. Mwongo mkubwa! Magunia nimeyarudisha.

Kisu kimeshazama. Tanuru sijalizima. Naandika nimekaa kwenye kigoda chake, mkono mzito. Kengele ya Clem inalia, inalia. Mlango uko palepale, naufikia.

Amekuja. Hajawahi kunisogelea hivi — nasikia hata harufu ya sabuni yake. Na leo anasema. Sauti ileile ya kunikaripia:

Merrin, fungua mlango!

Nikifungua, ataondoka.