Nafasi Zote Tatu

Mjukuu wangu Hawa, mke mwenza wa bibi yako,

Leo siku ya tisa hupokei simu yangu, na jumbe za sauti huzisikilizi, maana vile vialama havigeuki buluu. Kwa hiyo naandika kwa kalamu, picha ya barua nikutumie. Naiweka pia kwenye kundi letu la WhatsApp la watu wa Pangani tulioko Doha, mbele ya wote, kwa sababu humu humu ndimo nilimotangaza kwamba mjukuu wangu ni daktari, kabla hata hujajaza fomu. Acha wacheke. Mimi nimewacheka wao miaka mingi.

Unaikumbuka ile likizo niliyokuja na mashine ya presha niliyoinunua Al Sadd, huku Doha? Ulikuwa darasa la saba. Nilikuletea kama mchezo, wewe ukafungua hospitali barazani. Ukawapanga majirani mkekani, ukawaandika majina kwenye daftari la sayansi. Nami nikaja kwa madaha, nikakunja mkono wa shati. Ukatazama namba, ukatazama tumbo langu.

"Babu, chumvi unakula kwa kijiko?"

"Kwa kiganja, daktari. Nitaiacha ukinitafutia mke."

"Mke unaye, yule pale anakuna nazi. Ondoka, mwingine aje!"

Bibi yako alicheka mpaka akateleza kwenye mbuzi. Mimi nilicheka pia, lakini siku ile chumvi niliiogopa kwelikweli.

Sasa niwaeleze watu upumbavu wangu, maana wewe umenifichia. Shule niliishia darasa la tano. Nilichokijua kuhusu vyuo nilikiona kupitia kioo cha gari. Mwaka juzi nilikuwa nampeleka Shamsa, binti wa bosi wangu, kutoka Al Wakrah kwenda kutazama vyuo vya udaktari. Anaingia, anatembezwa, anarudi na mfuko wa zawadi, kalamu moja ananipa mimi. Siku moja nikamuuliza ameomba vyuo vingapi.

"Kimoja tu, ami. Udaktari tu."

Akapata. Nikajiona nimeshaiba siri ya wakubwa.

Ndipo ukanipigia na matokeo yako ya kidato cha sita. Kemia C, Baiolojia C, Fizikia D. Ukasema, "Sifa za udaktari ninazo, babu, ila ushindani ni mkubwa. Nafasi ya kwanza naweka udaktari, ya pili famasia, ya tatu uuguzi. Mwalimu kanishauri hivyo."

"Mwalimu wako ana gari?"

"Hana."

Kana kwamba hili ninaloliendesha ni langu! "Basi usimsikilize. Ukiwaonyesha kwamba kidogo kinakutosha, watakupa hicho kidogo. Andika udaktari nafasi zote tatu. Uuguzi wa nini, ukaoshe watu vidonda?"

Ukasema, "Sawa, babu."

Majina yalipotoka ulipiga mwenyewe. Hukulia, hukunilaumu. "Shikamoo babu. Sikupata popote." Nikaitikia marahaba, halafu nikakuaga haraka. Mimi, niliyewahi kutania msibani hadi wafiwa wakacheka. Tangu siku ile hupokei simu.

Kila asubuhi bado nampeleka Shamsa, koti lake jeupe limetundikwa kiti cha nyuma. Dirisha la pili la maombi, la waliokosa mara ya kwanza, lilipofunguliwa nilimpa simu yangu atazame matokeo yako, aniambie uombe nini. Aliyasoma muda mrefu. "Ami, mambo ya vyuo vya kwenu siyajui," akasema, akanirudishia simu kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu anayerudisha mtoto wa wenyewe. Nikaelewa kwamba hapakuwa na siri yoyote. Yeye ana baba anayejua mlango wa kubisha. Wewe ulikuwa na mimi.

Nilifikiri niombe ruhusa nije. Nije nifanye nini? Nikae nawe pale steshenari mnapojazia fomu mtandaoni, nitazame kidole chako kinavyobonyeza? Ile D ya Fizikia siwezi kuipandisha hata kwa jeki.

Hapa nilikuwa nataka kukuandikia kwamba famasia ni kazi nzuri, uuguzi ni kazi ya heshima, na kwamba dirisha linafungwa Ijumaa, usichelewe. Maneno matamu nilishayapanga. Lakini bibi yako kapiga sasa hivi, kalamu ikiwa mkononi. Anasema ulikwenda steshenari jana, umejaza, umetuma.

"Kajaza nini?" nikamuuliza.

"Kanikataza nisiseme."

"Hata mimi babu yake?"

"Hasa wewe, kasema."

Nimekata simu, nimerudi kwenye barua. Umefanya vizuri, mjukuu wangu. Siku ukitaka nijue, nitajua. Mpaka hapo, wakiniuliza humu unasomea nini, nitasema sijaambiwa.

Nakuachia mambo yako mikononi mwako.

Babu yako, mwenye mdomo.